Kipimo cha Watu Watatu

Doa la kwanza lilikuwa na ukubwa wa kifungo cha shati. Fundi cherehani aliliona asubuhi ya Jumatatu alipokuwa akimbadilisha binti yake nepi. Lilikuwa jekundu, chini kidogo ya kiuno, kingo zake zimechongeka vizuri kana kwamba mtu amekaa akalichora. Hakulishughulikia kwanza. Alifanya alilolifanya kwa kila nepi tangu mtoto azaliwe, miezi sita sasa: aliinyanyua, akaipeleka puani, akavuta pumzi ndefu.

Mgeni angedhani mwanamke huyu amepungukiwa kidogo kichwani. Hakupungukiwa na kitu. Aliogopa tu, na hofu yake ilikuwa na harufu, harufu ya sukari inayoungulia kwenye sufuria.

Mtoto wao wa kwanza alinukia hivyo. Nepi zake zilinukia utamu mpaka wageni wakacheka, na baba yake akampa jina la Pipi. "Leteni Pipi nimnuse," mashangazi walikuwa wakisema, wakigombania nani ampakate. Siku ya saba Pipi akakataa titi. Siku ya kumi akakakamaa mgongo kama ubao. Siku ya kumi na mbili wakamzika, na hakuna aliyejua kwamba ule utamu waliouchekea ndio uliokuwa dalili ya kinachomuua.

Walikuja kuambiwa baadaye, binti alipozaliwa, na daktari mmoja mwanamama wa hospitali kubwa akampima damu kabla hajamaliza siku mbili duniani. Ni ugonjwa wa kurithi, daktari alisema. Baba ametoa nusu, mama ametoa nusu, na wao wenyewe wazima kabisa. Mwili wa mtoto unashindwa kuzimaliza baadhi ya protini za chakula, basi zinarundikana kwenye damu na kupanda kichwani. "Kwa mtoto huyu," daktari alisema, akiinua kidole ili wasije wakasahau, "maziwa yakizidi ni sumu."

Hawakusahau. Neno sumu liliingia ndani ya nyumba ile siku moja na mtoto, likakaribishwa, likapewa na mahali pa kulala.

Binti walimwita Kasuku, maana alikuwa hajui kunyamaza. Akiamka anahutubia dari, akioga anayagombeza maji. Chakula chake kikubwa kilikuwa maziwa maalumu ya unga waliyopewa hospitali, yasiyo na zile protini hata chembe, yenye ladha ya vidonge vilivyosagwa. Juu ya hayo alitakiwa apewe maziwa ya kawaida, machache mno: mililita arobaini asubuhi, arobaini mchana, arobaini jioni. Yalipimwa kwa bomba la sindano, lile lisilo na sindano, lililochorwa mistari ubavuni. Karatasi ya daktari ilibandikwa ukutani jikoni, na bibi wa mtoto alikuwa ameifunika kwa nailoni isije ikapata mafuta.

Zamu zilijulikana. Asubuhi ni mama, kabla hajafungua chumba cha mbele alichokigeuza kuwa cha kushonea. Mchana ni bibi, mama mzaa baba, mpishi mstaafu wa shule ya bweni, mwanamke aliyelisha watoto mia nne kwa siku bila kuinua sauti. Jioni ni baba, sonara, ambaye macho yake yalizoea vitu vidogo mpaka akitazama mtu usoni unaona anatafuta ufa.

Nepi ya Jumatatu ile ilinuka mkojo tu. Fundi akashusha pumzi. Ndipo alipoligusa lile doa, akaona ngozi yake ni kavu na laini mno, kama karatasi ya kufungia zawadi. Pengine joto, alijiambia. Akaosha mikono, akavuta maziwa kwenye bomba mpaka mstari wa arobaini, kisha akasukuma kidogo yakarudi kikombeni, hadi mstari wa thelathini.

Hilo alikuwa akilifanya tangu mwezi uliopita, na hakumwambia mtu. Hakuna fundi mwenye akili timamu anayepitisha mkasi juu ya mstari wa chaki. Unaacha upana wa kidole pembeni, mkono ukiteleza nguo inapona. Arobaini ndiyo mwisho wa usalama, alifikiri, basi thelathini ni salama zaidi. Angemwambia nani jambo dogo kama hilo?

Kasuku alimaliza, kisha akaendelea kulinyonya bomba tupu kwa nguvu mpaka likapiga mluzi. Bibi alikuwa mlangoni na ufagio. "Mwone," akacheka. "Huyu tutamwoza kwa bomba."

Na mama yake akacheka pia.

Kufikia Alhamisi vifungo vile vyekundu vilikuwa saba, na kimoja kilikuwa kimetokea pembeni mwa mdomo. Kufikia Jumapili mdomo wote ulizungukwa na wekundu, makalio yamechubuka kana kwamba yamemwagiwa maji ya moto, na ngozi ya ncha za vidole ilianza kubanduka. Tabibu wa zahanati ya mtaani alitazama kwa mbali, akasema fangasi, akaandika dawa ya kupaka. Jirani alileta mafuta yake, wa pili akaleta ya kwake akisema ya yule wa kwanza hayafai. Fundi alipaka yote. Ngozi iliyapokea, ikang'aa saa moja, ikaendelea kubanduka. Jumatano alipomchana mtoto nywele, shungi zima lilibaki kwenye kitana, na akakaa amelishika kiganjani hajui aliweke wapi.

Aliogopa sasa kwa namna ambayo hajaogopa tangu ile siku ya kumi ya Pipi. Cherehani ilikuwa inamsubiri na sare za shule kumi na nane, lakini kila mshono ulienda upande, akafumua, akashona, akafumua tena. Alijielezea mwenyewe jambo hilo kwa njia iliyonyooka kabisa. Maziwa ni sumu, sumu imezidi, sasa inatafuta pa kutokea, na imetokea kwenye ngozi. Kesho yake asubuhi akasukuma maziwa hadi ishirini.

Doa likazidi. Basi mtu fulani alikuwa anazidisha. Si yeye mwenyewe, na mume wake anashinda kwenye karakana. Alibaki nani?

Mama mkwe hakuwahi kumfanyia ubaya. Ila alikuwa mpishi, na wapishi wana ugonjwa wao wa kuona mtoto yeyote aliye mbele yao amekonda. Mara ngapi bibi huyu alisimama juu ya kitanda cha Kasuku akisema, "Mjukuu wangu mbavu zinahesabika"? Fundi aliyakumbuka maneno hayo sasa.

Ijumaa mchana aliacha cherehani ikiwa na nguo mdomoni, akavua viatu, akaingia jikoni kimya kimya. Bibi alikuwa amempa mgongo. Mtoto alikuwa amekaa kwenye kiti chake, bomba tupu mdomoni. Bibi aligeuka ghafla, akakiweka kikombe kwenye karo kwa haraka ya mtu aliyefumaniwa. Kikombe kilikuwa na alama ya maziwa hadi chini.

"Mama," fundi alisema, na sauti yake ilitoka nyembamba. "Umempa nini mtoto?"

"Nimempa cha zamu yangu."

"Na kilichokuwa kwenye kikombe hicho?"

Bibi alipitisha nyuma ya mkono mdomoni. "Sijampa kitu, mwanangu."

"Mama, mtoto anabanduka ngozi. Anakwisha mbele ya macho yangu. Nilishazika mmoja. Kama unamwongezea maziwa kwa kumwonea huruma, niambie sasa hivi, sitamwambia mtu."

Mtu aliyekula chumvi nyingi kama bibi angeweza kujibu maneno kumi kwa moja, lakini alichukua kitambaa cha mezani, akakikunja mara nne, akakiweka. "Basi mlishe mwenyewe," alisema. Akaenda chumbani kwake, akafunga mlango taratibu.

Tangu siku hiyo zamu ya mchana ikawa ya fundi pia, na mchana pia akasukuma hadi ishirini. Sonara aliporudi jioni akakuta mama yake hali mezani na mke wake hasemi. Aliuliza mara moja, akaambiwa. Alimchukua mtoto, akapima zamu yake mwenyewe kwa kuinamia bomba mpaka kope zikaligusa. Walikaa hivyo siku nne, watu wazima watatu wakipishana ukumbini kama wapangaji.

Siku ya tano Kasuku hakuhutubia dari.

Aliamka, macho yako wazi, akanyamaza. Alikuwa ameharisha mara tatu. Shingo ilikuwa kama haimtoshi kubeba kichwa. Fundi aliinusa nepi, akamnusa mtoto utosini, shingoni, mdomoni. Alizunguka naye chumbani akimnusa kama paka, akiisubiri ile sukari, na haikuwepo. Kutokuwepo kwake hakukumpa nafuu yoyote. Alikaa sakafuni, mtoto mapajani.

"Baba Kasuku," aliita. "Twende."

Sonara alikuwa ameshashika ufunguo. Bibi alitokea chumbani amevaa tayari, na hakuna aliyemuuliza kama anakuja.

Hospitali ilimpokea mtoto kwa haraka iliyozidi kuwatisha. Muuguzi mmoja akachukua damu, mwingine akatafuta mshipa wa dripu. Mkono uliokuwa ukibanduka ngozi ulifungwa kwenye kibao kidogo usicheze. Daktari, yule yule mwanamama, alikuja mbio akifunga koti. Aliyatazama makalio, mdomo, ncha za vidole. Alizirudisha nywele zilizobaki nyuma, akazitazama. Aliinusa nepi yeye mwenyewe, na fundi alipoliona hilo akamsogelea.

"Sukari?" aliuliza fundi.

"Hakuna sukari," alisema daktari, amekunja uso. "Anakula nini?"

"Kama ilivyo kwenye karatasi," fundi alisema.

"Kama ilivyo kwenye karatasi," alisema sonara.

Bibi aliitikia kwa kichwa.

Walilala hapo hapo kwenye viti vya wodi, ikiwa huko ni kulala. Majibu ya maabara yalitoka kesho yake saa nne asubuhi. Daktari aliwaita wote watatu kwenye chumba kidogo chenye meza moja na sinki, mtoto akiwa mapajani mwa mama yake, dripu imeninginizwa kwenye msumari wa kalenda. Fundi alikuwa ameshaamua kwamba wanaitwa kuambiwa wamwachie Mungu. Alikuwa amemshika Kasuku kwa mikono yote miwili, na alijua hasa atakachokisikia.

"Mtoto huyu ana njaa," alisema daktari.

Fundi alimtazama mtoto mapajani mwake.

"Zile protini nilizowaambia ni sumu zikizidi, ngozi yake inajengwa nazo. Nywele, utumbo, kila kitu. Maziwa maalumu hayana hata chembe yake. Anazipata kwenye yale arobaini mara tatu, basi, hana kwingine. Damu yake inaonyesha moja kati ya hizo imekwisha karibu yote. Ndiyo maana anabanduka. Mwili usipopata, unaanza kujila wenyewe, na ukijila, ile sumu mnayoiogopa inapanda kutokea ndani." Aliisogeza mbele karatasi ya majibu. "Nimepiga hesabu mara mbili. Arobaini mara tatu inamtosha mtoto wa uzito huu. Kwa hiyo hapati arobaini mara tatu."

"Anapata," alisema sonara.

Daktari hakubishana naye. Alitoa mabomba matatu mapya kwenye droo, akafungua pakiti ya maziwa, akamimina kwenye jagi. Akaweka vikombe vitatu vidogo vya dawa. "Nionyesheni," alisema. "Kila mtu apime zamu yake kama anavyopima nyumbani."

Fundi alianza, kwa kuwa alikuwa karibu. Alivuta hadi arobaini kwa mkono mmoja, na kidole gumba, kwa mazoea tu, kabla kichwa hakijamkataza, kikasukuma. Maziwa yakatiririka kikombeni. Kidole kilisimama kwenye ishirini. Alibaki amekitazama kidole chake.

"Naacha akiba," alisema polepole. "Kama kwenye nguo. Kama nikikosea..."

Daktari aliinua mkono kumzuia, akamtazama sonara. Sonara aliliinamia bomba, akavuta, akasimama kabla ya mstari, akasukuma tone, akasukuma tone lingine. Thelathini na mbili. "Kwenye mizani," alisema bila kuinua macho, "mshale ukishagusa alama, umeshapita." Kisha akasema jambo ambalo mke wake hakuwahi kulisikia katika miaka yote. "Mimi ndiye niliyemwita Pipi. Nilikuwa namnusa nacheka. Nisingeweza tena kukosea kwa kuzidisha."

Bibi alichelewa kushika bomba. Alipolishika hakuhitaji miwani, alivuta hadi arobaini na kurudisha hadi ishirini na tano kwa mkono usiotetemeka.

"Miaka thelathini sikupakua sufuria yote," alisema. "Ukipakua yote, wa mwisho wanakosa. Lazima kibaki cha wachelewaji. Na daktari alisema sumu, nami nikasikia." Alikitazama kikombe chake. "Kumwaga maziwa siwezi. Nilikuwa nayanywa. Mtu mzima na mvi zangu, najificha nanywa maziwa ya mjukuu."

Fundi alikumbuka ule mkono uliopita mdomoni, na kile kitambaa kilichokunjwa mara nne. Aibu ilimshika kuanzia visigino. "Mama," alisema, akamgeukia.

"Usijali, mwanangu. Ningekuwa wewe ningesema makubwa zaidi."

Daktari alivichukua vikombe vitatu vyenye maziwa waliyoyarudisha, akamimina vyote kwenye kimoja, na kikajaa karibu nusu. Aliwasogezea. Hakusema chochote kuhusu uzembe, wala hakuinua kidole safari hii. "Na mimi nina langu," alisema. "Niliwaambia sumu, nikaishia hapo. Nilipaswa kuwaambia na nusu ya pili." Alimgeukia fundi. "Ni wewe unayenusa nepi?"

"Ni mimi."

"Miezi yote hii pua yako imekuambia hakuna sukari. Pua yako inajua kazi. Umegombana nayo bure."

Muuguzi alileta unga mweupe kwenye kichupa, ile protini moja iliyokwisha, akauchanganya na maziwa maalumu. Kisha daktari akaweka bomba mbele ya fundi. "Sasa mpe arobaini. Anza wewe."

Fundi alivuta. Arobaini. Kidole gumba kilikuwa juu ya bomba, na kila kitu ndani yake kilikuwa kinamwambia asukume kidogo tu, matone mawili, nani ataona. Alimwona Pipi amekakamaa. Alimwona huyu hapa, vidole vyake vimevuliwa ngozi. Kulia ni hofu, kushoto ni hofu, na katikati mstari mweusi mwembamba kuliko uzi.

"Siwezi," alisema.

Hakuna aliyemlazimisha. Bibi alisogeza kiti chake, akauweka mkono wake mkavu juu ya kifundo cha mkono wa mkwewe, akaushika kama anavyoshikwa mtoto anayejifunza kuandika. Sonara alipiga magoti sakafuni, macho yake yale ya kazi yakiwa usawa wa mstari. "Ni arobaini," alisema. "Naiona. Haijazidi."

Wakalipeleka bomba mdomoni kwa Kasuku, wote watatu. Alinyonya polepole, kwa shida, midomo ikimuuma. Yalishuka hadi thelathini. Yakafika ishirini, mahali ambapo fundi alizoea kuishia, na mkono wake ukataka kurudi, na mkono wa bibi ukaukatalia. Kumi. Tano. Bomba likawa tupu.

Fundi aliliacha pale pale mdomoni akisubiri ule mluzi. Alijua utakuja, ulikuja kila siku, kila zamu, na kila zamu waliucheka.

Kasuku alilionja bomba tupu kwa ulimi. Kisha akalisukuma nje, akageuza uso upande wa kifua cha mama yake, na kufumba macho.

Hakuna aliyecheka. Bibi aliuachia mkono wa mkwewe, akajifuta macho kwa upindo wa kitenge chake. Sonara alibaki magotini. Fundi alilishika lile bomba, akalisikia tena akilini likipiga mluzi, asubuhi, mchana na jioni, wiki nzima baada ya wiki nzima, mtoto akiwaomba na wao wakimtafutia mchumba. Akainama, akaweka pua utosini pa binti yake, pale nywele zilipokuwa zimebaki chache, akavuta pumzi. Alinuka maziwa.